SENTI KUMI YA OTONGLO: SOMO FUPI KUHUSU MSAADA WA SERIKALI WAKATI WA KORONA NA UGOMVI WA VYAMA

  Ndugu msomaji, leo kalamu yangu ina uzito kidogo, kwani somo hili nililisomea nyumbani kabla ya kulisomea darasani.

Mnakumbuka mdahalo wetu wa muhula wa kwanza? Hoja ilikuwa kwamba serikali iliwasaidia raia vya kutosha wakati wa korona. Nani asiyekumbuka vile uliisha! Walioipinga hoja waliitwa Tangatanga, walioiunga mkono wakaitwa vibaraka wa handisheki, na kidato cha pili wakapiga meza mpaka mwenyekiti akashindwa kusikika. Mwalimu aliposimama alisema neno moja tu: "Nimesikiliza dakika arobaini, na hakuna hata mmoja wenu aliyetaja tarakimu." Kisha akanielekezea kidole na kuniambia niende nitafute hizo tarakimu, niziandike katika jarida hili. Basi hizi hapa.

Kabla sijaanza, neno kuhusu soko letu. Kwa Kijaluo, otonglo ni ile sarafu ndogo ya senti kumi ya wazee wetu. Nimeichukua iwe kipimo cha somo. Ukisikia mabilioni yametajwa redioni, usipige makofi wala usizomee. Uliza kwanza: senti kumi ya hayo mabilioni iliingia mkono wa nani?

1. MAMBO YALIVYOANZA

Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi 2020. Siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akatangaza kwamba shule zifungwe. Mimi nilikuwa darasa la tano. Tulidhani ni likizo ya wiki mbili tatu, kumbe sisi wa darasa la tano tungerudi shuleni Januari 2021!

Kuanzia tarehe 27 Machi kukawa na kafyu, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Matatu zikaamriwa kupunguza abiria, na nauli ikapanda. Sasa fikiria mtu wa Otonglo. Omena huvuliwa usiku kwa taa. Mvuvi akizuiwa kutoka usiku, asubuhi omena ni haba. Omena ikiwa haba, Mama yangu ambaye huiuza kando ya barabara ya Busia hana cha kuuza. Mama asipouza hanunui sabuni dukani, na mwenye duka naye hana pesa za kumpa wa bodaboda amletee mzigo. Uchumi ni kama kamba ya ndoo kisimani: ikikatika mahali pamoja, ndoo yote imezama. Ndiyo maana serikali nyingi duniani ziliingiza mkono mfukoni mwaka huo. Hazikuwa zikifanya hisani tu. Zilikuwa zikijaribu kuifunga ile kamba fundo.

2. NJIA MBILI ZA KUSAIDIA

Msaada wa serikali huja kwa njia mbili kubwa, na asiyezitofautisha atabishana mpaka kesho.

Njia ya kwanza ni kukuachia pesa ambazo ungetozwa. Tarehe 25 Machi 2020 Rais alitangaza nafuu ya ushuru. Wenye mshahara usiozidi shilingi 24,000 kwa mwezi wasikatwe ushuru wa mapato. Kiwango cha juu cha ushuru huo kishuke kutoka asilimia 30 hadi 25, na ushuru wa makampuni vivyo hivyo. Ushuru wa mauzo wa biashara ndogo ukashuka kutoka asilimia 3 hadi 1, na ushuru wa VAT unaolipwa dukani kutoka asilimia 16 hadi 14. Bunge likapitisha sheria, nayo ikatiwa saini mwezi wa Aprili.

Njia ya pili ni kukupa pesa au kazi. Siku hiyo hiyo zilitajwa shilingi bilioni 10 zaidi za wazee, mayatima na wengine wasiojiweza. Baadaye, tarehe 23 Mei, ukaja mpango wa shilingi bilioni 53.7 wa kuinua uchumi: kuajiri walimu na vijana wa kompyuta, kununua madawati 250,000 kutoka kwa mafundi wa humu nchini, kuwapa wakulima wadogo pembejeo, na kadhalika. Kisha kulikuwa na Kazi Mtaani. Ilianza Aprili 2020 katika mitaa ya mabanda ya kaunti chache, Kisumu ikiwemo. Mwezi wa Julai awamu ya pili ikaenea kaunti zote 47, kwa shilingi bilioni 10 na vijana zaidi ya 270,000, wakifagia, wakizibua mitaro na kufyeka vichaka kwa zamu. Malipo ya awamu ya pili yalikuwa shilingi 455 kwa siku.

3. HESABU YA SENTI KUMI

Hapa nilisaidiwa na mwalimu wa somo la biashara. Tulichukua watu wanne tukawauliza ile nafuu ya ushuru iliwaachia nini.

(a) Mtu wa mshahara wa shilingi 24,000. Kwa viwango vya zamani alikatwa takriban shilingi 1,500 kila mwezi. Sasa hakatwi kitu. Amebaki na 1,500.

(b) Bwana mkubwa wa shilingi 200,000. Kwa viwango vipya amebaki na zaidi ya shilingi 10,000 kila mwezi ambazo zamani zilikatwa. Naam, umesoma sawasawa. Mwenye nyingi aliachiwa nyingi.

(c) Mama, muuza omena. Hana mshahara, kwa hivyo ushuru wa mapato haumhusu. Ule ushuru wa mauzo ulilenga wenye kuuza kuanzia shilingi milioni 1 kwa mwaka, na Mama hafiki huko hata ndotoni. Je, VAT? Omena haitozwi VAT, na unga wa mahindi pia haukuwa ukitozwa. Kilichobaki ni sabuni. Kipande cha shilingi 116 kingeshuka hadi 114, ikiwa mwenye duka ataamua kushusha. Mama amebaki na shilingi 2, tena za labda.

(d) Anko wangu, mwendeshaji bodaboda. Ushuru wa mapato, sifuri. Ushuru wa mauzo, sifuri. Anko amebaki na sifuri.

Ndugu msomaji, usikimbilie kusema kwamba nafuu ya ushuru ilikuwa bure. Yule wa 24,000 huenda ni mlinzi mwenye watoto watano, na 1,500 ni unga wa siku nyingi. Isitoshe, makampuni yaliyoachiwa kidogo huenda yaliacha kufuta watu kazi. Ninachosema ni kwamba njia ya ushuru humfikia aliye na karatasi ya mshahara. Kina Mama na kina Anko, ambao ndio wengi hapa kwetu, hufikiwa kwa njia ya pili tu. Na njia ya pili ina mlango mmoja mgumu: ni nani anayeandika majina?

4. VYAMA VILIVYOGAWANA NENO

Mwaka wa 2020 siasa zetu zilikuwa zimepinduka kama mtumbwi. Tangu handisheki ya tarehe 9 Machi 2018, hayati Raila Odinga wa ODM, aliyekuwa kiongozi wa upinzani, alikuwa rafiki wa Rais. Naibu wa Rais, William Ruto, alikuwa ndani ya serikali lakini nje ya chungu. Chama cha Jubilee kikapasuka kikawa Kieleweke na Tangatanga. Kati ya Mei na Juni 2020, korona ikiwa imepamba moto, Jubilee iliwang'oa wandani wa Naibu wa Rais katika uongozi wa Bunge: Kipchumba Murkomen katika Seneti na Aden Duale katika Bunge la Taifa.

Kwa hivyo kila shilingi ya msaada ilivaa shati la chama. Upande mmoja ulisema serikali inajali na wanaolalama wameanza kampeni za 2022 mapema. Upande wa pili ukasema pesa zinaliwa na wakubwa, hasla ameachwa. Mwaka ulipoelekea ukingoni, huyu anagawa wilbaro, yule anamcheka mwenye wilbaro. Kashfa ya ununuzi wa vifaa katika KEMSA ilipozuka, na Rais akaagiza mwishoni mwa Agosti uchunguzi ukamilike katika siku 21, kila upande uliitumia kumpiga mwenzake.

La ajabu ni kwamba Rais na Naibu wake walikuwa serikali moja. Machi 2020 ilitangazwa kwamba wote wawili wamekubali kupunguziwa mshahara kwa asilimia 80. Nafuu ya ushuru ilipitishwa na Bunge lenye wabunge wa pande zote. Ukisikia mtu anasema "sisi ndio tulileta" au "wao ndio walikataa", mwulize tarehe.

Wala hatukuwa peke yetu. Huko Uganda, Rais Museveni alikataza wanasiasa kugawa chakula wenyewe, na Aprili 2020 mbunge wa upinzani Francis Zaake alikamatwa kwa kuwagawia watu wake. Marekani, vyama viwili vikubwa vilikubaliana Machi 2020 kutoa takriban dola trilioni 2.2, kila mtu mzima wa kipato cha kawaida akipata dola 1,200. Lakini Machi 2021, ilipofika zamu ya dola 1,400, hakuna mbunge hata mmoja wa Republican aliyeipigia kura ya ndiyo. Msaada ni ule ule, aliyebadilika ni aliyeketi ikulu. Kumbe siasa ni siasa, iwe Washington au Otonglo!

5. NYUMBANI KWETU

Sasa nifike pale kalamu yangu ilipokuwa nzito.

Tulikuwa sita katika nyumba moja: Dani, Mama, Anko ambaye ni ndugu mdogo wa Mama, mimi na wadogo zangu wawili. Dani amepita miaka sabini, na hupokea pesa za Inua Jamii, shilingi 2,000 kwa mwezi. Mwaka huo zilikuja za miezi kadhaa pamoja, kama zinavyokuja mara nyingi. Dani alifurahi sana. Alisema, "Mnaona? Baba ameshikana mkono na Uhuru, na sisi wazee tumekumbukwa."

Anko, ambaye pikipiki yake ilikuwa ikilala saa moja jioni kama kuku, alikuwa upande wa hasla. Julai ile majina ya Kazi Mtaani yalipoandikwa, alienda kupanga foleni mara mbili. Jina lake halikutoka. Walioandika majina sitawataja, kwa maana siwajui na sikuwepo. Anko hakutuambia kitu. Alinyamaza tu, akawa mkali.

Usiku mmoja, kafyu imetufungia ndani, redio ikasema vijana wamepata kazi kila kaunti. Dani akamgeukia Anko: "Wewe kila siku unatukana serikali, na pesa yake unakula." Anko akajibu neno ambalo mtoto halipaswi kumjibu mamake. Alisema Dani ameuza akili yake kwa elfu mbili. Dani akasimama, akafungua mlango, akamwambia atoke. Kafyu ilikuwa bado. Anko akatoka hivyo hivyo akisukuma pikipiki bila taa, asisikiwe na polisi. Alihamia upande wa Kisian.

Miaka ikapita. Mwaka wa 2022 Ruto akawa Rais. Mwaka wa 2024 viongozi wa ODM wakaingia katika baraza lake la mawaziri. Tarehe 7 Machi 2025, Ruto na Raila wakatia saini makubaliano ya kushirikiana. Mtu wa Anko na mtu wa Dani wakawa meza moja! Nikadhani sasa yameisha. Lakini wapi! Oktoba 2025 Raila alipofariki na mwili ukaletwa Kisumu, uwanja wa Mamboleo, Dani alienda akalia. Anko pia alienda akalia. Kila mtu na kona yake. Hawakusalimiana.

Wahenga walisema ndovu wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi. Mimi naongeza: ndovu wakipatana, nyasi zaweza kubaki zimelala.

6. TARAKIMU ZILIVYOFANYA KAZI

Nilipokuwa nikitafuta habari za makala haya, niligundua mambo mawili. Kwanza, wazee wote wa miaka 70 na zaidi walianza kuandikishwa mwaka wa 2017, kabla ya handisheki. Kwa hivyo pesa za Dani hazikuletwa na handisheki. Pili, Kazi Mtaani ilikuwa msaada wa kweli kwa vijana maskini, kwa hivyo si kweli kwamba serikali haikumpa hasla yeyote hata senti. Wote wawili walikuwa wamebeba maneno ya redio, si ya ushahidi.

Nikafanya hesabu ya mwisho. Shilingi 2,000 gawanya kwa watu sita, gawanya kwa siku thelathini. Jibu ni shilingi 11 na senti 11 kwa mtu kwa siku. Nilimpelekea Anko karatasi pale stendi ya bodaboda, yenye ile orodha ya watu wanne na hesabu hii chini. Alisoma akisogeza kidole. Alipofika kwenye 11 akauliza, "Hii ni nini?"

Nikasema, "Ni zile elfu mbili za Dani, Anko. Ndizo tulikuwa tunakula sisi sote. Na wewe pia."

Hakujibu. Akarudi juu kwenye (d), akaniambia, "Hiyo sifuri, mpelekee aione."

Dani hajui kusoma, kwa hivyo jioni nilimweleza. Nilipomwambia kwamba nafuu ya ushuru ilimwachia Anko sifuri, na kwamba jina lake la Kazi Mtaani halikutoka, aliacha kuchagua omena. "Nyakwara, hakupata?" Nikasema, "Hakupata, Dani." Akasema, "Mimi nilidhani alipata akatuficha. Redio ilisema wamepata." Kisha akanyamaza muda mrefu.

Msomaji, miaka karibu sita mama na mwanawe hawakusemezana, kwa sababu mmoja alidhani mwenzake alipata, na hakuna aliyeuliza. Siwezi kukudanganya kwamba siku hiyo walikumbatiana. Jumapili iliyofuata Anko alipita akaacha mbuta mmoja kwa Mama, akauliza kama Dani ana dawa zake. Dani alikuwa ndani, akasikia. Akasema kwa sauti, "Mwambie huyo mtu samaki huliwa na aliyemleta." Anko akaingia akala. Walizungumza juu ya mvua tu. Lakini aliingia.

7. MAFUNZO

Kwanza, pesa za msaada hazianguki kutoka mbinguni. Mei 2020 Kenya ilikopa dola milioni 739 kutoka Shirika la Fedha Duniani, na tarehe 1 Januari 2021 VAT ikarudi asilimia 16 na ushuru wa juu wa mishahara ukarudi 30. Nafuu ya walio chini ya 24,000 haikurudishwa nyuma siku hiyo. Mkopo nao hulipwa, na walipaji ni sisi.

Pili, unapopima msaada, uliza maswali manne: Ni kiasi gani? Unapita njia ipi? Majina yanaandikwa na nani? Na nani amebaki na sifuri?

Tatu, kukosoa serikali si uadui, na kuisifu si usaliti. Nafuu ya ushuru ilisaidia wengi, na iliwaacha wengi. Sentensi hizo mbili zinaweza kukaa pamoja bila kupigana.

Nne, uchaguzi wa 2027 unabisha hodi. Wengi wetu tutakuwa hatujafika miaka kumi na minane, lakini nyumbani tutasikia maneno. Kabla hujamchukia ndugu yako kwa ajili ya mtu wa redioni, mwulize kwanza alichopata.

Hapo nakunja jamvi. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

MSAMIATI

Nafuu ya ushuru: kupunguziwa au kuondolewa ushuru.
Kashfa: tendo la aibu linalofichuka hadharani.
Kibaraka: mtu anayetumiwa na mwingine kwa maslahi ya huyo mwingine.
Pembejeo: mbolea, mbegu na vifaa vya kulimia.
Wandani: watu wa karibu, marafiki wa siri.

ZOEZI

1. Bidhaa iliuzwa shilingi 580 pamoja na VAT ya asilimia 16. Ingeuzwa ngapi kwa asilimia 14?
2. Kwa nini nafuu ya ushuru haikumfikia mwendeshaji bodaboda?
3. Tunga sentensi mbili, moja ya kuusifu na moja ya kuukosoa mpango mmoja wa serikali, bila kutaja chama chochote.
4. Waulize watu wawili wa nyumbani kwenu walipata nini mwaka wa 2020. Andika majibu yao. Usibishane nao.